Aliyeua akapona, asiyeua akauawa: kesi ya Guillaume Couture, 1642

Kesi yenyewe iko hivi. Agosti 2, 1642, pale mto Saint-Laurent unapopanuka na kuwa Ziwa Saint-Pierre, kwenye nchi ambayo leo ni Quebec, kijana mmoja Mfaransa fundi seremala alifanya mambo mawili ambayo kwa hesabu za kawaida yalitakiwa yammalize siku hiyohiyo. La kwanza, alikuwa keshatoroka, yuko porini, hakuna anayemfukuza, halafu akageuza akarudi mwenyewe kwa waliokuwa wanakamata watu. La pili, akiwa njiani anarudi akampiga risasi mkubwa mmoja wa Wamohawk (wenyeji wa asili wa kusini mwa hapo, waliokuwa vitani na Wafaransa), akafa palepale. Huyo ndo Guillaume Couture, mzaliwa wa Rouen, umri kama miaka 25.

Mwenzake René Goupil alikamatwa kwenye shambulio hilohilo. Hakuna anayesema Goupil aliua mtu. Alikuwa tabibu wa vidonda, masikio yake mabovu, alishawahi kujaribu kuingia Wajesuiti (shirika la mapadri Wakatoliki) kule Ufaransa akashindwa kuendelea kwa sababu hiyohiyo ya kutosikia vizuri. Wiki nane baadaye Goupil kapigwa shoka la kichwa kwenye njia ya kuingia kijijini, na Couture, yule muuaji, yuko hai, kapewa nyumba, kapewa ndugu, kapewa jina jipya.

Sasa swali ni moja tu, ilikuwaje?

Nilianza kufuatilia hii kitu kwa sababu ya jina. Wale mlioko Quebec mnajua, kina Couture wamejaa, unakuta Couture kwenye kibao cha duka, Couture kwenye gari la fundi bomba, Couture dereva wa basi. Na wengi wanaochimba ukoo wao wanaishia kwa huyuhuyu mzee mmoja mwenye kidole kilichokatwa nusu. Yaani ukoo mzima umening'inia kwenye uamuzi uliofanywa na watu wengine kabisa, kwenye kijiji kingine kabisa, na kwa sababu ambazo Couture mwenyewe hakuwa na mkono ndani yake. Ndo maana kesi hii naipenda kuliko zile za mababu waliookolewa na bunduki zao.

Twende taratibu. Agosti 1 msafara ulitoka Trois-Rivières, mitumbwi 12 ya magome ya mti, watu kama 40, wengi wao Wawendat (Wafaransa waliwaita Wahuron), wengine walishabatizwa na wengine bado. Walikuwa wanapeleka vitu kwenye misheni ya mbali huko kwa Wawendat, ambayo ilikuwa inakaribia kuishiwa kila kitu, nguo, vifaa vya misa, na kadhalika. Kiongozi wa misheni kwenye msafara alikuwa padri Isaac Jogues. Couture na Goupil hawakuwa mapadri, walikuwa wanaitwa donné, maana yake "mtu aliyejitoa". Huyu ni mlei anayeingia mkataba na Wajesuiti kwamba atawatumikia bure bila mshahara, na hataoa, wao watamlisha, watamvisha, watamtunza akiugua au akizeeka. Havai kanzu. Na kitu kimoja ambacho padri hawezi kufanya yeye anaruhusiwa, kubeba bunduki. Hicho kipengele cha bunduki kumbukeni.

Siku ya pili ya safari ndo wakakutana na mtego. Wamohawk kama 70, wengine wamejificha kwenye majani upande huu wa mto, wengine ng'ambo, na wana bunduki, maana walikuwa wanafanya biashara na Waholanzi wa mto Hudson. Msafara ukavurugika, wengine wakakimbilia msituni. Jogues alikuwa kajificha kwenye matete hakuna aliyemwona, lakini alipoona Goupil na wale aliowabatiza wamekamatwa akatoka mwenyewe akajisalimisha. Couture yeye kijana mwenye miguu, alikimbia akatoka kabisa. Halafu, kwa maelezo ambayo Jogues aliyaandika baadaye, akajiuliza padri wangu yuko wapi, akaona hawezi kumwacha, akarudi.

Njiani akakutana na Wamohawk watano. Mmoja akamlenga, bunduki ikagoma. Couture akainua yake, haikugoma.

Wale wanne waliobaki wakamvamia. Wakamvua nguo zote, wakampiga marungu, wakamng'oa kucha kwa meno, wakamtafuna ncha za vidole, na wakampitisha upanga katikati ya kiganja cha mkono. Jogues alipomwona akamkimbilia akamkumbatia shingoni, wale jamaa mwanzo wakashangaa tu, halafu wakaona kama huyu padri anampongeza kwa kuua, wakamgeukia na yeye naye, kucha na vidole hivyohivyo.

Hapa kuna watu wakisoma wanaanza "hao washenzi", basi mimi nawaomba wapumue kidogo. Ufaransa ya miaka ileile mtu alikuwa anavunjwa mifupa kwenye gurudumu mchana kweupe sokoni, na watu wanaleta watoto kuangalia. Ukatili haukuwa na bara lake. Tofauti ni kwamba mateso ya Wamohawk yalikuwa na kazi yake na utaratibu wake, na bila kuuelewa huo utaratibu hii kesi huwezi kuitatua, utabaki kusema bahati.

Mateka walikuwa 22. Wakapelekwa kusini kwa mto Richelieu, Ziwa Champlain, halafu kwa miguu, siku 13, jua la Agosti, vidonda wazi hadi vikaingia funza, chakula hamna. Katikati ya Ziwa Champlain wakakutana na wapiganaji wengine 200 waliokuwa wanaenda vitani, hao nao wakataka kusalimiana na mateka kwa namna yao. Wakapanga mistari miwili kupanda kilima, kila mtu na fimbo, na mateka wanapita katikati mmojammoja. Jogues alianguka njiani akabebwa.

Agosti 14 wakafika Ossernenon, kijiji cha Wamohawk, leo ni jimbo la New York. Fimbo tena, jukwaa, watu wote wanatazama. Hapo ndo ikatokea ile ya kidole. Mtu mmoja akaamua kumkata Couture kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na hakutumia kisu, alitumia kombe, ganda la baharini. Akawa anakereza kama msumeno. Nyama ikakatika, mfupa ukakubali, ila ule mshipa wa ndani ulikuwa unateleza na kombe halina makali ya kuukata, basi akaudaka akauvuta mpaka ukachomoka, na mkono ukavimba hadi kwenye kiwiko. Kuna mtu hapohapo kijijini, Mmohawk, akamwonea huruma akamchukua kumtibu. Hebu fikiria huyu seremala, kidole cha shahada cha mkono wa kulia ndo kinashika patasi na randa.

Jogues naye alikatwa dole gumba la kushoto, na aliyelazimishwa kukata alikuwa mwanamke mateka wa Kialgonquin (kabila jingine la huko, rafiki wa Wafaransa), Mkristo.

Sasa tufike kwenye mgawanyo, maana hapo ndo kesi ilipoamuliwa. Mateka hawakuwa mali ya aliyewakamata tu. Wanapelekwa kijiji baada ya kijiji, baraza linakaa, na uamuzi unatoka nani anakufa, nani anagawiwa familia gani. Na hizi familia zilikuwa kwenye msiba mkubwa. Miaka minane nyuma ndui ilipita kwa Wamohawk. Desemba 1634 Mholanzi mmoja, van den Bogaert, alipita kwenye vijiji vyao na kuandika kwamba aliona makaburi mengi. Ongeza na vita visivyoisha na Wawendat na Waalgonquin. Kila nyumba ndefu, yaani nyumba moja ya familia nyingi za ukoo, ina nafasi wazi, mtu aliyekuwa analala pale hayupo, na jina lake halina mwenyewe.

Kwa hao watu jina la marehemu lilikuwa kama kiti, halitakiwi kukaa tupu. Akina mama wa ukoo ndo wanasema tunataka mtu wa kuziba pengo la fulani, na vijana wanaenda vitani kutafuta huyo mtu. Wanahistoria wanaita hivi vita vya msiba. Mateka akiletwa, familia iliyofiwa inaweza kuamua mambo mawili, uchungu utulizwe kwa kumchoma moto, au utulizwe kwa kumkalisha kwenye kile kiti. Akikalishwa basi anaoshwa, anavikwa, anapewa lile jina, na kuanzia siku hiyo yule mama ni mama yake kweli, na akiguswa na mtu wa nyumba nyingine kaguswa mtoto wa ukoo. Kwetu tunampa mtoto mchanga jina la babu aliyefariki na bibi anaanza kumwita "mume wangu" kwa utani. Hawa walikuwa wanampa mtu mzima, adui wa jana, na haikuwa utani.

Couture alipelekwa kijiji cha mbali zaidi na kikubwa zaidi, Tionontoguen, akagawiwa familia iliyofiwa. Hapohapo kwenye msafara wao kulikuwa na Ahatsistari, kiongozi wa vita wa Wawendat, jina lake linajulikana kila mahali, shujaa hasa, naye aliuawa kwa moto. Kwa hiyo ile dhana kwamba walimwacha Couture kwa sababu waliheshimu ushujaa wake tu, mimi nakubali nusu. Ndiyo inasaidia. Mtu aliyevumilia kombe bila kupiga kelele, aliyerudi kumfuata mwenzake, huyo ni wa kutamaniwa na ukoo wowote, na umri wake unafaa kazi. Lakini Ahatsistari alikuwa shujaa zaidi yake akachomwa. Ushujaa unakufanya uwe mgombea mzuri wa kiti, hauhakikishi kwamba kuna kiti.

Na Goupil? Goupil na Jogues walibaki Ossernenon bila kugawiwa mtu. Waholanzi wa Rensselaerswijck, koloni yao ya mto Hudson, walikuwa wameingilia, mkubwa wao Arent van Curler mwenyewe alikuja Septemba kujaribu kuwakomboa kwa bidhaa, Wamohawk wakakataa, ila nadhani ile mazungumzo ndo iliwaweka hewani, hawauzwi, hawauawi, hawapewi familia. Wajesuiti wenyewe waliielewa hatari hii vizuri sana. Kwenye taarifa zao wameandika kwamba mateka akishapewa familia huwa amepona, lakini anayewekwa kama wa umma, asiye wa mtu, huyo kila siku yuko vidole viwili tu kutoka kwenye kifo. Vidole viwili. Kwa watu walioandika hivyo huku mwenzao vidole vimetafunwa, hiyo si lugha ya mapambo.

Basi Goupil siku moja kwenye nyumba aliyokuwa anakaa akamshika mtoto mdogo, akamfanyia ishara ya msalaba. Babu wa yule mtoto akaona. Waholanzi, ambao ni Waprotestanti, walishawaambia Wamohawk kwamba ile ishara si kitu kizuri. Yule mzee akaona mjukuu wake anarogwa. Akamwagiza kijana mmoja. Septemba 29, 1642, Jogues na Goupil wanarudi kijijini kutoka kusali, wanasema rozari, vijana wawili wakawafuata, mmoja akatoa shoka ndani ya blanketi.

Angalia sasa. Lile kosa la Goupil lingeweza kufanywa na Couture kule Tionontoguen, sidhani kama lingemalizika hivi. Kungekuwa na mama wa kusema huyu wangu. Goupil hakuwa na wa kumsemea, aliyemwagiza muuaji hakuogopa kudaiwa damu na ukoo wowote. Hicho ndo kipimo changu cha kesi, sio nani kamuua nani mtoni, ni nani ana watu nyuma yake. Wapo wanaosema Mungu alimlinda Couture, sibishani na dua za mtu, ila kati ya wale wawili aliyekuwa anasali zaidi ni yule aliyekufa.

Na hili suala la mkubwa aliyeuawa na Couture mtoni, ambalo wengi linawachanganya, kwa mantiki ya vita vya msiba halina utata sana. Umeua mtu, pengo limetokea, na wewe ndo uko mkononi. Kukuchoma ni njia moja ya kuliziba. Kukuweka ndani ndo nyingine.

Miaka mitatu hivi alikaa. Akajua lugha, akavaa kama wao, akawinda nao, na akafika mahali akawa anakaa kwenye mabaraza yao, heshima ambayo Mzungu kuipata ilikuwa ajabu. Nyumbani walishamhesabu marehemu. Jogues alitoroka 1643 kwa msaada wa Waholanzi, akafika Ufaransa mwisho wa mwaka, akapewa ruhusa maalum na Papa kuendesha misa na ile mikono isiyo na vidole kamili. Couture hakutoroka. Inawezekana alipata nafasi zaidi ya moja, mtu anayewinda msituni na wenzake nafasi hazikosi. Lakini ukishakuwa mtoto wa nyumba ukikimbia umewafanyia nini waliokuweka? Hapo naacha kila mtu apime.

Ila kabla hatujaanza kuipamba hii desturi, kuna msichana. Thérèse Oionhaton, Mwendat, miaka kama 13 au 14, alisomeshwa na masista Waursulini pale Quebec na alikuwa anarudi kwao kwenye msafara uleule wa Agosti 2. Na yeye akagawiwa. Kanuni ileile iliyompa Couture uhai ikampa na yeye uhai, haikumrudisha tena. Wafaransa walimwomba kwenye mazungumzo ya amani, wakaahidiwa, hakuja. 1646 Jogues alikutana naye, keshaolewa huko. Couture ni babu wa watu wa Quebec, Thérèse akawa mtu wa Wamohawk, na tofauti yao, kama nasoma vizuri, ni kwamba mmoja alikuwa na thamani ya kidiplomasia na mwingine alikuwa na thamani ya kuzaa. Ukatili mwingine hautumii kombe.

Sasa Julai 1645. Pale Trois-Rivières ikaonekana mashua inakuja kutoka juu ya mto. Ndani yumo balozi wa Wamohawk, Kiotseaeton, mwili mzima kajifunika shanga za kombe, na pembeni yake kuna mtu kavaa Kimohawk kabisa. Watu wakamwangalia yule wa pembeni mara mbili. Ni Couture. Wakamwangukia kumkumbatia kama mtu katoka kaburini.

Mkutano wenyewe ulifanyika Julai 12 ndani ya uwanja wa ngome, wakatandaza matanga makubwa ya meli juu kuzuia jua. Gavana wa Wafaransa, Montmagny, kakaa, Wamohawk miguuni pake juu ya magome ya miti, Waalgonquin na wenzao upande wa pili, katikati zimesimikwa nguzo mbili na kamba. Kwenye kamba hiyo Kiotseaeton alitundika mikanda ya shanga 17, mmojammoja, na kila mkanda una neno lake. Padri Vimont aliyekuwepo anaandika kama mtu aliyeenda kuangalia maigizo ya hali ya juu, maana jamaa alikuwa anaimba, anatembea, anajifanya anaanguka kwenye mawe, anapiga kasia, anavuta mtumbwi maporomokoni, anageuka kuangalia jua.

Mkanda mmoja ukafungwa kwenye mkono wa Couture. Kiotseaeton akasema, kwa maana yake, huyu hapa nawaletea. Na akachomekea kijembe. Wafaransa muda si mrefu walikuwa wamemwachia mateka mmoja Mmohawk arudi kwao, wakamwacha aende zake peke yake. Kiotseaeton akasema mimi sikumwambia huyu, haya mpwa wangu chukua mtumbwi nenda zako Quebec, roho yangu ingekaaje, kila saa ningejiuliza kazama, kauawa, mtumbwi umepinduka. Nyie mtu wangu mlimwacha ahangaike na maji peke yake, mimi wangu nimemsindikiza mwenyewe.

Neno mpwa mle si kwa bahati mbaya. Mbele ya gavana, mbele ya mapadri, mbele ya mahasimu wake wote, anawaambia huyu ni wa kwetu pia. Yaani Couture hakurudishwa kama mfungwa aliyeachiwa, alirudishwa kama ndugu anayekabidhiwa kwa wajomba wengine, na kwa hiyo sasa tuna undugu, na undugu una masharti. Wafaransa wengi nadhani walisikia nusu tu ya hiyo sentensi. Walifurahi mtu wao karudi.

Baada ya hapo Couture alirudi tena kwa Wamohawk kusaidia makubaliano yapite huko. Jogues naye akatumwa kama balozi Mei 1646, mambo yakaenda vizuri, akaacha sanduku lake huko akijua anarudi. Mwaka huo mahindi yakaingiliwa na wadudu, ugonjwa ukapita, na lile sanduku likaanza kutazamwa vibaya. Aliporudi vuli yake akiwa na donné mwingine, Jean de La Lande, ukoo wa Dubu ukamuua, Oktoba 18, na La Lande akauawa pia. Ukoo wa Mbwa Mwitu na ukoo wa Kobe walikuwa wanataka aachwe. Hapa hoja yangu inapata mkwaruzo na sitaki kuuficha. Jogues kipindi kile cha kwanza alikuwa na bibi mmoja aliyekuwa anamwita shangazi, alikuwa na watu wa Mbwa Mwitu upande wake, na bado akafa. Kwa hiyo kuwa na watu si ngao ya chuma. Inategemea nani yuko karibu siku hiyo na shoka limeshikwa na ukoo gani. Lakini ona hata hapo mjadala ulikuwa nini. Koo zinabishana huyu ni wa nani, hakuna anayejadili mtu huyu ni mwema au mbaya.

Couture wakati huo alishaamua kubadili maisha. Kile kiapo cha kutokuoa kingemfanya awe jina kwenye kitabu cha Wajesuiti basi, shujaa asiye na mjukuu. 1646 Wajesuiti wakakubali aoe. Mei 1647 akahamia Pointe-Lévy, ng'ambo ya mji wa Quebec, ile sehemu ambayo ukipanda feri ya Lévis leo unaiona mkono wa pili wa mto. Akafanya kazi ya kusafisha msitu na kujenga kwa ajili ya François Byssot, na wanamhesabu ndo mkaazi wa kwanza wa pale. Seremala mwenye kidole nusu. Novemba 1649 akamwoa Anne Esmard, binti wa Niort, ambaye dada zake wawili nao waliishi hukohuko koloni. Wakazaa watoto kumi.

Hiyo kumi ndo inaeleza kwa nini jina limejaa. Tunaongelea koloni ambayo hesabu ya watu ya 1666 ilipata Wafaransa 3,215 tu, na miaka ya 1640 walikuwa mamia machache. Kwenye shimo dogo hivyo mtu mmoja akibaki hai na kuzaa kumi, baada ya vizazi kumi na mbili ni vigumu kumkwepa. Na kinyume chake pia, kila aliyekatwa shingo kijana ni maelfu ya watu ambao hawapo leo. Ukisikia mtu wa Quebec anasema mababu zangu walikuwa wagumu, ndiyo, lakini walioshindwa kuwa mababu nao walikuwa wagumu vilevile.

Miaka iliyofuata serikali haikumwacha apumzike, kwa sababu nani mwingine anajua lugha na adabu za baraza la Wamohawk kama yeye? Akatumwa kaskazini 1663 kutafuta njia ya kwenda kwenye ghuba ya Hudson. Akawa kapteni wa wanamgambo na hakimu wa eneo lake, na meli za Phips, kamanda wa Waingereza, zilipotoka Boston kuja kushambulia Quebec 1690, mzee wa zaidi ya miaka 70, alikuwa kwenye ulinzi wa upande wake wa mto. Alifariki 1701.

Ila kazi moja nairudia kila nikisoma. Kiangazi cha 1666, baada ya Wamohawk kuua maofisa wa jeshi la Ufaransa, kati yao mmoja anaitwa Chazy, de Tracy, mkuu wa jeshi la Ufaransa huko, alimtuma Couture kwenda kuwadai wauaji. Akaondoka Julai, akapanda njia ileile ya Richelieu na Champlain, safari hii mikono haikufungwa, akafika, akaongea, na mwanzoni mwa Septemba akarudi Quebec na Wamohawk wawili. Mazungumzo hayakuisha. Wiki chache tu de Tracy mwenyewe akaondoka na jeshi la wanaume zaidi ya elfu moja. Oktoba walifika vijijini wakakuta watu wamekimbia, na ndani ya maghala kuna mahindi mengi ambayo walisema yangelisha koloni nzima miaka miwili. Wakachoma kijiji baada ya kijiji, nyumba ndefu na chakula chote, baridi ikiwa mlangoni. Tionontoguen ikiwemo.